Padi imechoka: nibadilishe betri ya ndani au nihamie kwenye AA?

Stiki_Kushoto
Wakuu, salamu. DualShock 4 yangu (padi ya PlayStation 4), ninayochezea kwenye kompyuta, imenitumikia miaka sita. Siilaumu, ila sasa nikiitoa kwenye chaji haimalizi mechi tatu za mpira. Naona njia tatu: kuifungua nibadilishe betri, kucheza na waya siku zote, au kuchukua padi ya Xbox inayotumia AA mbili. Naomba uzoefu, hasa wa waliowahi kushika bisibisi.

Baba_Gemu
Mimi ni wa AA na sihami. Zikiisha, unachomoa mbili, unapachika mbili, mechi inaendelea kabla mwenzako hajarudi kutoka chooni. Nunua za kuchaji, NiMH, seti mbili: moja ndani ya padi, nyingine kwenye chaja. Zikichoka unabadilisha betri tu. Hiyo yako inazeeka pamoja na betri yake.

Fundi_Kimya
Hapo mwisho umeteleza mkuu. Ya ndani nayo inabadilika. DualShock 4 ina skrubu nne tu mgongoni, bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Kinachowaliza watu ni ule waya bapa unaounganisha nusu mbili za padi: ukizitenganisha kwa pupa, umeuchana. Achanisha pole pole, upande mmoja mmoja, ukishachungulia ulipo ndipo uuchomoe. Kwenye betri, shika kile kichwa cha plastiki, usivute nyaya zenyewe. Ukiikuta imevimba, usiibonyeze wala kuichokoa na kitu cha chuma. Lithiamu ikitobolewa inawaka.

Switch Pro, padi ya Nintendo, nayo haisumbui, inakula CTR-003, betri ileile ya 3DS, ile konsoli yao ya mkononi. DualSense, ya PlayStation 5, ndiyo yenye vificho: skrubu mbili ziko chini ya vitufe vya L1 na R1.

Zuhura_P2
Fundi, na hizi betri zinazoandikwa mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) kubwa kubwa?

Fundi_Kimya
Dada, ya DualShock 4 inatoka kiwandani na mAh 1000, ya DualSense 1560. Ukiona umbo lilelile limeandikwa mara tatu ya hapo, hiyo ni namba ya kuuzia.

Jioni_Tu
Nyongeza kwa watu wa AA. Alkali mpya ina volti 1.5, NiMH ina 1.2 na inakaa hapohapo karibu mpaka mwisho, kwa hiyo alama ya chaji kwenye skrini inaweza kukudanganya. Zile za lithiamu za volti 1.5 ndiyo balaa zaidi: zinaonyesha zimejaa, zimejaa, halafu padi inazima ukiwa unapiga penalti. Yamenikuta, na mdogo wangu hajaacha kunicheka. Alkali nazo usizisahau ndani miezi. Nilifungua kifuniko nikakuta unga mweupe umeganda kwenye springi, ikabidi niusugue na pamba yenye siki.

Kuhusu waya wa kudumu: tundu la micro-USB litalegea, utarudi hapa na mada nyingine.

Stiki_Kushoto
Mrejesho. Nimemsikiliza Fundi, nikaagiza betri kwanza ndipo nikafungua. Kosa. Waya bapa nimeupita salama, betri ya zamani imetoka, mpya naichomeka... kichwa hakiingii. Kikubwa kuliko tundu. Nikadhani nimeigeuza, nikajaribu kila upande kama mtu anayelazimisha kiatu cha mtoto.

Fundi_Kimya
Geuza padi usome lebo ya mgongoni. ZCT1 au ZCT2, yaani toleo la kwanza au la pili?

Stiki_Kushoto
ZCT2. Na betri niliyonunua ni ya ZCT1, imeandikwa kabisa kwenye pakiti.

Baba_Gemu
AA hazina mambo hayo 😂

Stiki_Kushoto
Cheka tu kaka. Ya ZCT2 imefika leo, imeingia bila kusukumwa, nimecheza tangu jioni na bado ina chaji. Mwenye ZCT1 iliyochoka ajitokeze, nina betri mpya haijaguswa.