Mtoto akitimiza miaka 7 anahamia kwa baba moja kwa moja?

Msaidizi wa Kata: Habari za kazi wakuu. Kinababa wengi waliotoa talaka husubiri mtoto atimize miaka 7 wakamchukue, wakidai ndivyo sheria inavyosema. Kwa Tanzania Bara kifungu kinasemaje hasa? Na matumizi ya mtoto yanapimwaje? Kila hukumu ina kiwango chake.

Mzee wa Mashauri: Hakuna kifungu kinachosema hivyo, na upotoshaji huu unaumiza watoto. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto. Ndipo hakimu atazame matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto kama anaweza kujieleza, na mila za jamii husika. Miaka 7 ipo kwenye kifungu kidogo cha (3), nayo ni dhana tu: aliye chini ya umri huo ni vyema akae na mama, isipokuwa ushahidi uonyeshe vinginevyo. Akitimiza 7 dhana inaondoka, basi. Baba hapati ushindi, anapata nafasi sawa ya kujieleza. Hapo Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 39, inaingia: ndugu wasitenganishwe inapowezekana, na malezi yasikatwekatwe. Mtoto aliyezoea shule na jirani zake hahamishwi kwa sababu ya keki ya kuzaliwa.

Anayemchukua kwa nguvu wakati amri ya mahakama ipo anavunja amri hiyo. Njia ni kuomba ibadilishwe chini ya kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa, akionyesha kwamba hali imebadilika kweli.

Dada Mahesabu: Kwenye matumizi, usitafute asilimia, haipo. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinambebesha baba wajibu hata kama mtoto hakai kwake: makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake. Mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaotegemea kipato hicho, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi.

Maombi mengi yanaanguka hapa: mama anaandika "laki tatu kwa mwezi" bila mchanganuo. Andika kitu kimoja kimoja. Ada 600,000 kwa mwaka ni 50,000 kwa mwezi. Sare na viatu 90,000 ni 7,500. Kisha unga, mafuta, nauli ya daladala, dawa. Kila mstari uwe na risiti yake, na risiti ya ada iwe na jina la mtoto. Hakimu akikata mstari mmoja, mingine inabaki.

Msaidizi wa Kata: Na baba asiye na hati ya mshahara, mfano wa bodaboda?

Dada Mahesabu: Thibitisha kazi yenyewe. Kadi ya pikipiki iko kwa jina la nani? Kama si yake, anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya shilingi ngapi kwa siku? Mwenye pikipiki au dereva mwenzake wa kijiweni anaweza kuitwa shahidi. Mwambie na baba pia asilipe mkononi. Apitishe kwenye simu au benki, atunze taarifa ya miamala, maana bila hiyo atadaiwa mara mbili.

Mzee wa Mashauri: Nyongeza mbili. Baba asipolipa, mama asimfiche mtoto. Aombe kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe baba kuitekeleza. Na asiyeridhika na uamuzi akate rufaa ndani ya siku 45, akiwasilisha kwenye mahakama ileile iliyoamua.