Naomba ushauri: dawa ya kusafishia mashua ya tanga wakati wa ugonjwa wa miguu na midomo

Wakuu, mto haujafungwa, ila njia ya kushushia mashua inakatiza malisho yaliyo ndani ya karantini. Kufunga kamba ukingoni penye ng'ombe tumeshaacha. Kirusi hubebwa na tope: matairi ya trela, nyayo za buti, hata ule mwanya wa ubao wa mkuku (ubao unaoshushwa majini chini ya mashua) ambao hakuna anayeuchungulia. Dawa juu ya tope ni kazi bure, hivyo kwanza brashi na sabuni.

Kabonati ya sodiamu 4% (gramu 40 kwa lita) inaua kirusi lakini inakula alumini, na mlingoti ni wa alumini. Asidi ya sitriki 0.2% (gramu 2 kwa lita), ikikaa dakika 10 kisha kusuuzwa, itadhuru zinki inayofunika chuma cha trela? Na matanga yaliyoingia tope mnayaoshaje?