Kuna mtu humu ana roho ya korosho ghafi: kavuta leva, kaniacha nje na mbwa!

Mzawa wa Chikongola (saa 8:47 usiku)

Wakuu, sijalala na silali. Naandika hedifoni bado ziko shingoni na mikono inatetemeka.

Kuna mtu humu. Simtaji. Mnamjua wote. Yule ambaye uzi wowote wa gemu lazima atokee na "mimi hilo nimelicheza masaa mia nne." Yule wa Shangani anayejiita kocha. Anasoma hapa sasa hivi, kitaa chake cha kijani nakiona kinawaka.

KAVUTA LEVA. Nimefika kwenye meli, mikono yote miwili imebeba mashine ya 80, yeye kavuta leva.

Kwa msiolijua, gemu lenyewe ni Lethal Company. Mko wanne, mnashushwa na meli kwenye mwezi wa mbali huko angani, mnaingia kwenye majengo ya giza kuokota vyuma chakavu vya kumpelekea bosi. Bosi ana hesabu yake kama mwenye bodaboda. Hesabu ya kwanza ni 130 za hela ya gemu, mnapewa siku tatu. Isipotimia mnafukuzwa kazi, na kufukuzwa kwenyewe hakuna barua, mnamwagwa angani kama maji yaliyooshea dagaa. Na humo ndani ya majengo kuna mazimwi. Leva iko melini: ikivutwa meli inapaa, aliye nje kaachwa.

Wiki nzima alinibembeleza. "Njoo, tumepungukiwa mtu wa nne, nitakufundisha kila kitu." Nikanunua gemu, nikajiunga bando la usiku, nikamwambia mapema kwamba mimi ni mgeni. Mgeni! Mgeni kwetu huku anatandikiwa mkeka na kuangushiwa dafu. Mimi nilitandikiwa giza.

Mnaanza na 60 ya kununulia vifaa. Kocha kanunua mabeleshi mawili. 30 na 30, hela kwisha. Hakuna tochi, hakuna redio ya kuongelea. Namuuliza tochi, anasema tochi ni za waoga. Beleshi la kwanza kachukua yeye. La pili kachukua yeye. Halafu KABAKI MELINI! Analima nini melini?

Siku ya kwanza limeniangukia dude kutoka darini, limenivaa kichwa kizima, linanikaba. Napiga kelele nifanyeje, ananiambia "tulia." Nikatulia. Nikafa nimetulia. Siku ya pili nimekutana na lile sanamu lenye springi shingoni, ananiambia "likimbie." Wakuu, lile halikimbiwi! Lile linatazamwa. Ukilitazama linaganda, ukiligeuzia mgongo ndipo linakuja. Masaa mia nne, na hajui hilo? Alijua. Alikuwa anacheka.

Siku ya tatu ndiyo hii ya leo. Dada yetu wa Lindi kashakufa, mwenzetu mwingine kavunjwa shingo. Melini tuna vyuma vya 58. Niko peke yangu ndani nikaikuta ile mashine inayopeleka umeme jengo zima. Nikaichomoa. Taa zote zikazima. Ile ina thamani ya 80 na inabebwa kwa mikono miwili. Haya pigeni hesabu: 58 na 80 ni 138. Tumevuka! Mimi mgeni ndiye nimewavusha!

Nikatoka napapasa kuta kama mtu anayekwenda uani umeme umekatika. Nje giza linaingia, mbwa wameshatoka. Wale mbwa hawana macho, kimo chao ni kimo cha daladala, ila wanasikia hata sindano. Nikachuchumaa, maana ukichuchumaa hatua hazisikiki. Nikaenda hivyo hivyo na mzigo wangu mpaka nikaiona taa ya meli. Mlango wazi. Namwona kasimama pale kwenye leva, mabeleshi yake yako chini, naye ananiona.

Hatua tano zimebaki. Kavuta.

Mbwa mimi nimewasamehe, ndivyo walivyoumbwa. Kicheko ndicho sikisamehi. Kwenye gemu hili sauti ya mwenzio unaisikia kulingana na umbali mliosimama. Kwa hiyo meli inapanda, na kicheko kinapanda nayo, kinafifia, kinafifia, kama mtu anakucheka kwenye dirisha la basi la Dar na wewe umebaki stendi na begi lake. Mimi niko chini na mashine ya 80 mikononi. Hata kuitua sikukumbuka.

Nilipiga ukelele wavuvi wa Msangamkuu wakageuza ngalawa. Mama kaingia chumbani na mchi. "Umevamiwa?" Ndiyo mama. "Na nani?" Nianzie wapi kumweleza mama habari ya leva?

Na hesabu haikutimia, tumefukuzwa wote wanne, na yeye yumo! Mwizi anaiba apate kitu. Huyu kapata nini? Watu wa kusini tunasingiziwa roho ya korosho kila siku, basi ya huyu haijabanguliwa.

Modi, mfungieni miezi sita. Hatua tano wakuu. TANO.

Pweza wa Kukaanga

"Nikafa nimetulia." Mtoto wangu kaamka kwa kicheko changu. Pole sana lakini.

Ntu wa Newala

Huyo mimi hanishangazi. Tulikuwa tunacheza naye gemu la mpira bandani, akishaona bao la pili linaingia, anakanyaga waya wa umeme. "Samahani, nimejikwaa." Kila siku anajikwaa, na hajawahi kujikwaa anaongoza.

Fundi Mkongwe

Mdogo wangu umeonewa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mgeni anaharibiwa gemu zuri. Lile kalitengeneza mtu mmoja, Zeekerss, lilitoka Oktoba 2023, na utamu wake wote uko kwenye kushirikiana. Ile 60 ya mwanzo mnanunua redio mbili za mkononi, 12 na 12, na tochi mbili, 15 na 15. Jumla 54, mnabakiwa na 6. Redio moja inabaki melini, ya pili inaingia ndani.

Anayebaki melini ana kazi kubwa kuliko wote. Ana skrini, anawaona wenzake wako wapi na nini kinawafuata. Kila mlango mzito una namba yake, anaiandika kwenye kompyuta ya meli unafunguka. Mabomu ya chini na bunduki za kwenye kona anazizima kwa muda namna hiyo hiyo. Nikimwona mtu kabaki melini bila redio napata homa.

Lile dude la kichwani mwenzio ndiye anatakiwa alipige, ama ukimbilie nje ya jengo. Na huyo aliyevunjwa shingo naona alikutana na Bracken, lile jitu la majani linalokunyatia kwa nyuma. Ukiligundua litupie jicho mara moja, litarudi nyuma. Usilikodolee macho. Ukilikodolea linakasirika.

Jambo la mwisho: vyuma viuzeni siku ya mwisho, hapo ndipo bosi ananunua kwa bei kamili. Mkienda siku ya kwanza hafikishi hata theluthi.

Mzawa wa Chikongola

Shikamoo mkuu. Haya yote nayasikia kwako leo. Siku ya kwanza kocha alitaka tukauze! Dada wa Lindi ndiye aliyegoma.

Korosho Daraja la Kwanza

Hiyo ni kangomba kabisa! Unatoa mali kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, mnada ukifunguliwa unabaki kuhesabu ya wenzio. Na mmenikumbusha. Kuna mtu kijijini kwetu kampimia bi mkubwa wangu korosho kwa kopo lake. Kopo limegongwa kwa ndani mpaka limevimba kama shavu la mwenye jino bovu, linameza kilo na nusu, yeye anaandika kilo moja. Bi mkubwa kauza gunia zima hivyo. Msimu ulipofunguliwa tukamfuata, tukaambiwa kahamia Tunduru.

Mzawa wa Chikongola

Pole kwa bi mkubwa. Ila mimi nilikuwa hatua tano.

Dada wa Mtanda

Mimi ndiye huyo dada wa Lindi, na nashuhudia. Kwenye hili gemu ukishakufa unawaangalia walio hai, kwa hiyo niliona mwanzo mwisho.

Hatua hazikuwa tano. Zilikuwa kumi na tano, kumi na nane hivi. Na hukuchuchumaa hadi mwisho, kaka yangu. Ulipoiona taa ulisimama wima ukapiga kelele "NISUBIRINI JAMAANI" kwenye maiki. Wale mbwa wanaisikia maiki kama wanavyosikia hatua. Waligeuka watatu kwa pamoja.

Lakini kucheka alicheka. Hilo siwezi kumfichia.

Mzawa wa Chikongola

Tano! Na nilinong'ona.

Pweza wa Kukaanga

Mnong'ono uliomleta mama na mchi?

Mzawa wa Chikongola

Mama alikuja BAADA ya leva. Someni vizuri. Leva, kicheko, ukelele, mama. Hata kama mbwa walikuwa watatu, mimi nilikuwa na 80 mikononi, bila ile 80 hakuna hesabu. Si angenisubiri hata nikafie mlangoni, mzigo ukaangukia ndani?

Fundi Mkongwe

Hapo ana hoja. Na kuna mabeleshi mawili yamelala melini. Angetoka hata na moja akapige kelele upande wa pili, mbwa wakamfuata yeye, mzigo ungeingia. Ndiyo maana nasema huyo si kocha.

Dada wa Mtanda

Kuna kingine bora nikitue. Tuliokufa huwa tunaruhusiwa kupiga kura ili meli iondoke mapema. Mimi nilipiga.

Mzawa wa Chikongola

WEWE DADA?

Dada wa Mtanda

Bando lilikuwa linakata, zimebaki MB arobaini. Ila kura yangu haikufika popote, tulikuwa maiti wawili na yule mwenzangu alishalala, namsikia anakoroma kwenye maiki. Kwa hiyo leva ni ya kwake yule yule.

Ntu wa Newala

Kuhusu bando msinikumbushe. La usiku nilijiunga juzi, saa nane limekwisha na sijafungua hata video. Nimepiga huduma kwa wateja, nikawekewa muziki dakika ishirini. Muziki ulipoisha na simu ikakatika.

Binti Mikindani

Sijui gemu wala siijui hiyo meli, ila huyu mtoto namwelewa sana. Juzi bodaboda kanishusha njia panda na ndoo ya pweza, mvua inanyesha, eti kapigiwa na abiria wa mbali kuliko mimi. Nimesimama pale na ndoo, naona taa yake ya nyuma inaishilia. Na huyo leva aliivuta.

Mzawa wa Chikongola

Asante dada! Angalau mmoja kaelewa. TAA INAISHILIA. Hicho ndicho nasema tangu saa nane.

Pweza wa Kukaanga

Binti Mikindani, pole. Huyo pweza alikuwa wa wapi?

Binti Mikindani

Nilimnunua kwa watu wa Lindi, ndiyo maana alikuwa mgumu. Nimemchemsha kutwa nzima.

Dada wa Mtanda

Samahani? Pweza wa Lindi hana ugumu, mgumu ni mpishi. Pweza anapigwa kwanza. Nyie Mtwara mnamtumbukiza sufuriani mzima mzima halafu mnamlaumu.

Korosho Daraja la Kwanza

Usitufundishe pweza, dada. Hapa kwetu mtoto wa darasa la pili anajua kumpiga pweza kwenye mwamba.

Ntu wa Newala

Nyie wa pwani endeleeni na pweza wenu, sisi huku juu tuna baridi na bando hakuna.

Mzawa wa Chikongola

Wakuu, mada. Kitaa chake cha kijani kimezimika dakika hii. Kasoma yote, hajaandika hata pole, kaondoka. Mmeona? Hata hapa kavuta leva.

Dada wa Mtanda

Nasema hivi, leteni pweza wenu wa Mtwara, mimi nije na wa Lindi, Fundi Mkongwe aonje akiwa kafumba macho.

Fundi Mkongwe

Mimi pweza hanipatani na tumbo. Ila mkavu wa kusaga na nazi natumia kidogo.

Pweza wa Kukaanga

Mkavu ninao. Niko feri tangu alfajiri, na wabichi ndio wanashushwa sasa hivi, wadogo wadogo laini. Anayetaka awahi jua halijapanda.

Korosho Daraja la Kwanza

Bei?

Pweza wa Kukaanga

Njoo tuzungumze, haiandikwi hapa.

Binti Mikindani

Nibakizie wawili, nakuja na daladala. Boda sipandi tena.