Tupeane uzoefu: imani yako ilifanya nini msiba au ugonjwa ulipobisha hodi?

Mtoa mada

Wakuu, salamu. Uzi huu si wa kubishana kama Mungu yupo au hayupo. Nyuzi hizo zipo tele na nyingi huishia kwenye matusi. Nataka tusikie kutoka kwa wenyewe: wewe uliyekua ukiimba kwamba Mungu ni mwema na anaweza yote, lilipokupata lililokupata, imani hiyo ulikaa nayo vipi?

Naanza mimi. Mdogo wangu wa kike aliugua figo akiwa bado msichana. Tulifunga, tulikesha, watu walituletea ndoto walizoota kwamba amepona. Akafa. Siku ya maziko karibu kila aliyenishika mkono alisema "kazi ya Mungu haina makosa". Walisema kwa upendo, hilo nalijua. Lakini kila iliposemwa ilikuwa kana kwamba nawekewa karatasi nisaini kuwa kifo cha mtoto wa watu ni kazi, tena iliyofanywa vizuri. Sikusaini.

Kilichonibakiza kanisani ni kitabu cha Ayubu, ila si kile tunachosomewa misibani. Misibani tunasomewa sura ya 1, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", halafu Biblia inafungwa. Kitabu kina sura 42! Kuanzia ya 3 Ayubu analaani siku aliyozaliwa, anamlaumu Mungu waziwazi, anadai kesi yake isikilizwe. Rafiki zake ndio wanaomtetea Mungu kwa hoja zilizonyooka: umeteseka, basi umekosa. Sasa soma 42:7. Mungu anawakasirikia hao watetezi wake, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Nimekaa kanisani tangu utoto na sijawahi kusikia mstari huo ukihubiriwa.

Na hata hivyo Ayubu hakuambiwa sababu. Aliulizwa alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa. Jibu hilo liliniudhi, na kusema kweli bado linaniudhi kidogo. Ila nilipata ruhusa ya kulalamika bila kuhama nyumba. Karibuni.

Muuguzi wa Watoto

Pole sana mtoa mada.

Nafanya kazi kwenye wodi ya watoto wenye saratani. Jibu nililofundishwa nikijiandaa kwa kipaimara lilikuwa ni hiari: Mungu alitupa uhuru, tukautumia vibaya. Kwa vita, wizi na mauaji jibu hilo lina nguvu, silidharau. Lakini chembe ya damu iliyoharibika ndani ya mifupa ya mtoto haina hiari yoyote. Wapo wanaoniambia ni matokeo ya anguko la Adamu na Hawa, kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, Warumi 8:22. Nalo nimelishika kwa muda. Linanieleza kwa nini dunia kwa ujumla imeharibika. Halinielezi kwa nini huyu wa kitanda cha dirishani ameondoka na yule wa kitanda cha pili amepona, dawa ni zilezile.

Usiku mmoja baba wa mgonjwa aliniuliza kama ni dhambi zake zimemrudia mtoto. Hilo ndilo swali pekee ninaloweza kulijibu bila kusita. Nilimsomea kwenye simu Yohana 9, wanafunzi wanapouliza nani alikosa hata mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu akasema si yeye wala wazazi wake. Nikamsomea na Luka 13, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao Yesu alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wengine. Yule baba aliomba nirudie mara nyingine.

"Kwa nini" naiacha wazi. Nasali kabla ya zamu, naingia kazini.

Mwanafunzi wa Theolojia

Dada Muuguzi, ulipogusa wewe ndipo panaposumbua hata vitabu. Agustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, ni wema uliopungua pale ulipopaswa kuwepo, na chanzo chake ni utashi uliogeuka. Ireneo wa Lyon, askofu wa karne ya 2, yeye aliona binadamu aliumbwa akiwa kama mtoto, hajakomaa, ili akue. Mwanafalsafa wa dini John Hick aliliendeleza wazo hilo mwaka 1966 akasema dunia hii ni mahali pa kukomaza roho. Mimi nina shida na hilo la Hick, maana wapo wanaokufa kabla ya kukomaa chochote.

Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliandika kwamba huwezi kuamini Mungu mwema, Mungu mwenye uwezo wote, na kuwepo kwa uovu, bila kujipinga. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, akamjibu, na kufikia 1974 hoja yake ilikuwa imekamilika: huenda viumbe walio huru kwelikweli hawawezi kuumbwa pamoja na dhamana kwamba hawatakosa kamwe. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, walikubali kwamba angalau kujipinga hakupo. Lakini tazameni alichodai: kwamba *inawezekana* Mungu ana sababu. Hakujitia kuijua sababu ya ugonjwa wa mdogo wake mtoa mada. Wahubiri wetu wengi huvuka mpaka huo bila hata kupunguza mwendo.

Uzoefu wangu ni mfupi. Nilikuwa nimefaulu somo hilo vizuri tu, mama akapata kiharusi. Hoja zote zilikuwa kichwani, na hakuna hata moja iliyonisaidia kumgeuza kitandani. Sioni kuwa ni hoja za uongo. Zinajibu swali la darasani, nami nilikuwa na jingine. Mwandishi Mkristo C. S. Lewis alipita humo humo: mwaka 1940 alitoa kitabu kinachoeleza tatizo la maumivu kwa utulivu mkubwa, mkewe akafa 1960, na mwaka uliofuata akachapisha maombolezo yake kwa jina la kubuni. Humo analalamika kwamba alipomwendea Mungu akiwa hana tegemeo jingine, alikuta mlango umefungwa. Hakuacha imani. Ila hakuandika tena kwa sauti ile ya 1940.

Niliondoka

Mtanivumilia, mimi sikubaki.

Na kilichonitoa si msiba wenyewe, ni ushuhuda wa mtu mwingine. Basi lilipata ajali, wakafa watu wengi, akiwemo binamu yangu tuliyelala chumba kimoja tangu wadogo. Jumapili iliyofuata muumini mmoja alisimama mbele akashukuru: alikuwa na tiketi ya basi hilo, Mungu akamchelewesha, akaachwa. Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nikajiuliza, kama yeye alicheleweshwa na Mungu, binamu yangu aliwahishwa na nani?

Nilimuuliza kiongozi mmoja, akaniambia nisihoji. Baadaye nikasoma habari za tetemeko la Lisbon, mji mkuu wa Ureno, 1 Novemba 1755. Asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, ardhi ikatetemeka, majengo yakawaangukia, moto ukawaka, bahari ikafurika. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wakiwa ibadani. Mwanafalsafa Leibniz alikuwa ameshaandika mwaka 1710 kwamba huu ndio ulimwengu bora kuliko yote ambayo Mungu angeweza kuumba, na baada ya Lisbon mwandishi Mfaransa Voltaire aliidhihaki hoja hiyo. Nilifarijika kuona swali langu si la mtu aliyekosa malezi.

Sina ugomvi na mnaoamini. Mama yangu anaamini, na ananiombea kila siku.

Mwiba Mwilini

Aliyeondoka, pole. Nakuelewa kuliko unavyodhani.

Mimi nina ugonjwa wa viungo usiopona. Nimeombewa, nimepakwa mafuta, nimesukumwa nianguke (nilianguka kwa sababu magoti ni mabovu, wakashangilia). Mwishowe mhubiri akatangaza kwamba imani yangu ndiyo ndogo. Yaani mgonjwa ni mimi na kosa ni langu. Nikaenda kusoma 2 Wakorintho 12: Paulo alimsihi Bwana mara 3 mwiba umtoke, haukutoka. Ningependa kumwona mtu wa kumwambia Paulo kwamba imani yake haikutosha.

Bado naenda ibadani. Siku hizi nakaa karibu na mlango.

Katekista Mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote.

Wewe uliyeondoka, sikuandikii ili urudi. Nataka tu useme na mzee aliyezika mke na watoto. Makofi yale yalikuumiza na yalistahili kukuumiza. Mtu aliyeokoka ajalini ana haki ya kushukuru, lakini angeweza kushukuru akilia, na kanisa lingeweza kukumbuka kwamba waliofiwa wamo humo humo.

Mimi nimeshikilia sehemu moja, sijaweza kusogea mbali nayo: Marko 15:34. Yesu anakufa akiuliza, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni maneno ya Zaburi ya 22. Kama Mwana mwenyewe aliuliza mbona, basi kuuliza si ukafiri. Na alipofika kwenye kaburi la Lazaro, akijua anachokwenda kufanya, bado alilia machozi. Mungu asiyejua kufiwa nisingemwomba.

Niliondoka

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kunijibu hivyo, ungekuwa wewe ndiye niliyemuuliza siku ile huenda mambo yangekuwa mengine. Ila nisikufiche: Mungu anayeteseka pamoja nami bado hajanieleza kwa nini hakulizuia basi.

Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ni kweli. Na mimi hajanieleza.

Shuhuda wa Upande wa Pili

Naomba na mimi nisikike, maana uzi umeelemea upande mmoja. Nilifungwa kwa kosa ambalo sikulitenda. Kule ndani ndiko nilikojifunza kusoma vizuri, ndiko nilikoacha pombe, na leo naweza kusema kama Yusufu kwenye Mwanzo 50:20, kwamba walikusudia mabaya na Mungu akakusudia mema. Kwangu mimi mateso yalikuwa na maana.

Lakini nakubali jambo moja. Yusufu aliyasema hayo mwenyewe, juu ya maisha yake mwenyewe, miaka mingi baadaye. Ndugu zake wangemwambia hivyo akiwa bado shimoni wangekuwa watu wabaya zaidi.

Mgeni Jamvini

Samahani kuingilia. Rafiki yangu amefiwa na mtoto, kesho nakwenda. Yeye ni mcha Mungu sana. Nimsomee nini?

Muuguzi wa Watoto

Usisome kitu mpaka akuombe. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 hawakusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vema. Akikuomba, jaribu Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina mstari wa kupoza mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Wafiwa huwa wanashangaa kuwa inaruhusiwa.

Niliondoka

Na uliza watoto wake wengine wako na nani. Hapo hata mimi naweza kukusindikiza.