Garsen hadi Kipini kwa boti: mfereji wa Belezoni uko wapi?

Mkaa Delta: Wadau, naandaa boti ya faiba ya mita 7, injini ya nguvu farasi 15, kuteremka Tana kutoka Garsen hadi Kipini. Ramani za kale zinaonyesha Tana na Ozi ni mito miwili iliyounganishwa na mfereji wa Belezoni. Za sasa zina mto mmoja tu. Mfereji ulienda wapi? Na njiani nichunge nini?

Upondo: Hutauona, utapita ndani yake. Zamani Tana ilikuwa na mlango wake wa baharini kusini-magharibi mwa Kipini, mlango mbaya, mawimbi yakipasukia juu ya fungu la mchanga. Karne ya 19, enzi za Sultani Ahmad wa Witu, aliyeitwa Simba, ukachimbwa mfereji mwembamba wa mitumbwi ili nafaka ishukie Ozi, ipite Kau hadi Kipini bila kuonja bahari. Baadaye mafuriko yakaupanua na mto mzima ukahamia humo. Kazi ya majembe ikageuza njia ya mto mrefu kuliko yote Kenya!

Rafadha: Adui yako mkubwa ni tope. Mafungu huhama kila mafuriko, kwa hiyo njia uliyohifadhi kwenye simu mwaka jana haifai. Penye kona shika upande wa nje, ule ambao ukingo umelika. Wa ndani ni mchanga. Ukiona maji yamechora V ambayo ncha yake inatazama ulikotoka, chini kuna kisiki. Muweke mtu omoni, mbele ya boti, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, apime kina.

Tope hilohilo huziba maji ya kupoza injini. Tazama mchirizi unaotoka ubavuni mwa injini: ukififia, zima papo hapo, toa uchafu kwenye tundu la kuvutia maji. Ukichelewa, raba ya pampu inaungua. Beba raba ya akiba na rafadha (panga la injini) ya pili.

Mkaa Delta: Shukrani. Na viboko?

Upondo: Mchana hulala kwenye maji yenye kina. Punguza mwendo, gonga ubavu wa boti waibuke uwaone, na usipite kati yao na maji mengi, maana ndiko wanakokimbilia. Usiku usisafiri.

Kuanzia Kau hesabu kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Teremka yakitoka, ila ufike Kipini kabla hayajakauka, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, la sivyo utakwama kwenye matope mbali na ufuo. Ukitaka kutoka nje ya mlango, ngoja maji yanakaribia kujaa. Yakitoka huku kusi, upepo wa kusini, inavuma, mawimbi husimama wima pale funguni, na boti ya mita 7 haiyawezi.