Tupeane uzoefu: mgonjwa asiyetarajiwa kupona aliyekutia moyo wewe mzima

Mjukuu wa Nansio: Jana nilipanda Hospitali ya Bugando kumjulia hali jirani, nikamkumbuka marehemu shangazi. Alipoelezwa kwamba saratani ya mlango wa kizazi imeshasambaa na kilichobaki ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso tu si kuponya, aliuliza tu kama anaruhusiwa kupanda meli kwenda Ukerewe kusimamia uvunaji wa mihogo yake. Aliruhusiwa, akaenda. Nanyi mlimwona nani?

Mama Pacha: Mama yangu alikuwa hivyo hivyo.

Mwana Mwaloni: Baba yangu mdogo aliuza dagaa pale Mwaloni Kirumba hadi saratani ya umio ilipozuia hata uji kupita. Zahanati moja ilikuwa imemtibu vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa. Sauti ilipokatika, alituagiza tuwaite wote aliokuwa akiwadai na wote waliokuwa wakimdai, akawa anaandika kwenye daftari la mauzo, nami nasoma. Wanawake wawili waanikaji aliwafutia deni. Kaka yake hakumfutia, akaandika kwamba huyo uwezo anao. Usiku maumivu yakamzidi akawa anauma shuka, huku wazee wakizuia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, wakidai ndiyo inayoua. Akavuta daftari, akaandika: "Mgonjwa ni mimi. Leteni dawa." Hakuna aliyebisha. Asubuhi aliendelea na hesabu.

Kasuku wa Ilemela: Wazee walikuwa sahihi. Niliowaona wakipewa mofini hawakufika mbali.

Muuguzi Mstaafu: Ndugu yangu, hawakufika mbali kwa sababu walianzishiwa wakiwa wameshachelewa. Mofini inayotolewa kwa kipimo sahihi, kwa kawaida kila baada ya saa nne, haiharakishi kifo. Siku za mwanzo humletea mgonjwa usingizi, nayo hufanya choo kuwa kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe sambamba.

Mama Pacha: Samahani, kaka mtu alilipa?

Mwana Mwaloni: Nusu. Nusu nyingine aliimalizia msibani kwa kununua mchele.

Kasuku wa Ilemela: Basi kila mwenye wadeni sugu na augue! Kwa vyovyote, mimi nashauri mgonjwa asiambiwe ukweli wote.

Mjukuu wa Nansio: Shangazi asingeambiwa, mihogo ingeoza shambani. Aambiwe.

Msengerema: Bibi yetu, ambaye zamani alikesha Kigongo akisubiri kivuko huku amembeba mwanawe mwenye homa, aliomba moyo wake unaougua usije ukashindwa kabla hajavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Tulipomvusha, alilalamika kwamba dereva amekimbiza gari mno kwa daraja la takriban kilomita 3, ikatubidi tugeuze ng'ambo na kumrudisha polepole, akikosoa nguzo.

Muuguzi Mstaafu: Mlifanya vyema. Wengine mtakaosafiri na mgonjwa wa namna hiyo, dawa zake zishikwe mkononi, zisifungiwe kwenye buti pamoja na mizigo.