Hisa za CRDB: bado ni rahisi, au tumechelewa basi?

Fundi Saa: Wakuu, mzee wangu alinunua hisa za benki ya CRDB zilipouzwa kwa umma mwaka 2009, hisa moja shilingi 150. Zikaja kushuka chini ya hapo, tukamcheka sana. Leo zimepanda mara kadhaa na kila kijiwe Kariakoo ni "nunua, nunua". Mimi nasema zimepitiliza. Nipingeni.

Mama Vikoba: Umepima kwa 150, kaka? Hiyo bei ya 2009 haina kazi tena. Mwaka 2024 benki ilipata faida ya shilingi bilioni 551 baada ya kodi, na hisa ziko kama bilioni 2.6. Gawanya: kila hisa imezalisha kama shilingi 211. Tuchukue bei ya mfano, 1,000, hesabu isituchoshe. Unanunua kwa faida ya miaka isiyofika mitano. Nionyeshe duka Msimbazi linalouzwa hivyo, nije na begi la hela leo leo.

Fundi Saa: Duka la Msimbazi halikopeshi hela za watu.

Konda Mstaafu: Halafu dada, hiyo 211 umeishika mkononi? Gawio la mwaka ule, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Toa kodi asilimia 5, unabaki na 61 na senti. Kwa bei yako ya 1,000 ni asilimia 6 tu. Hatifungani ya miaka 25, ile unayoikopesha serikali ikulipe riba, iliposhushwa riba mwaka 2022, kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, watu walinuna. Hata hiyo waliyoinunia ni mara mbili ya gawio lako!

Mama Vikoba: Riba ya hatifungani ukishainunua ni ileile mpaka wajukuu. Gawio la 2023 lilikuwa 50, la 2024 likawa 65. Na ile 146 iliyobaki kwenye 211 haijaliwa, imeongeza mtaji. Ndiyo inayokopeshwa, na sasa benki iko mpaka Burundi na Lubumbashi.

Fundi Saa: Hapo ndipo roho inaposita. Mkopo wa leo unaonekana faida leo, ubovu wake unakuja baadaye. Benki Kuu inataka mikopo chechefu, ile isiyolipwa vizuri, isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Zikitoka hesabu za robo mwaka mimi naanza na mstari huo, faida naisoma mwisho. Hisa ikiwa rahisi mno mbele ya faida, pengine soko haliiamini hiyo faida.

Konda Mstaafu: Na siku ya kuuza je? Hisa ya benki ya NMB iliwahi kuganda kwenye shilingi 2,340 muda mrefu kama gari bovu Ubungo. Bei ukutani ipo, mnunuzi hayupo.

Mama Vikoba: Hilo nakubali. Anayetaka hela ya ada Januari asiingie. Fundi, mzee anasemaje yeye?

Fundi Saa: Hauzi. Ila haongezi hata moja mpaka aone mstari wa chechefu.

Mama Vikoba: Anazo ngapi kwani?

Fundi Saa: Hata mama hajui.